Mkwe Wangu Dattu na Shangazi Aliyenuna

Hasira ya mkwe wangu Dattu ilikuwa na moto wake yenyewe. Mwaka ule mkaa ulipoadimika hapa Wai, wapiga pasi wote wa mjini walikunja mikono wakakaa, isipokuwa yeye. Alisubiri tu mteja mmoja amkosoe kola, akaishika pasi tupu isiyo na kaa hata moja, na pasi ikawaka mpaka jioni. Niliona kwa macho yangu mawili, na siku hizo yote mawili yalikuwa yanafanya kazi. Asiyeamini aje aniulize, nitamwongezea mengine.

Jina lake kamili ni Dattaram Gholap. Miaka thelathini sasa mkokoteni wake umesimama kwenye kona ile ile, kando ya ukuta wa duka la vyombo vya shaba, hatua chache kutoka ngazi za mtoni. Ni mtu mfupi wa kifua kipana, na mkono wake wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto kwa kusukuma pasi. Alimwoa binti yangu Kusum. Kusum alipofariki, mtoto wao Sulabha akiwa na miaka tisa, mimi nilikuja kukaa siku kumi na tatu za matanga. Siku ya kumi na nne nikaanza kufunga kifurushi changu. Dattu akakinyakua, akakifungua, akaniambia kwa sauti ya ugomvi, "Mama, unakwenda wapi? Nani atampaka huyu mtoto mafuta kichwani? Kaa hapo!" Kisha akaipiga pasi sari yangu nyeupe, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Haijaondoka kwenye msumari ule mpaka leo. Mama mkwe kuhamia kwa mkwewe ni jambo la kuchekwa, na mtaa mzima ulicheka. Dattu aliwafokea mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, mpaka vicheko vikakauka. Kwa hiyo msidhani ninailaani hasira yake. Kuna siku ilinipa paa la kulala chini yake.

Lakini hasira hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kumnyima mjukuu wangu mume.

Kwetu sisi, watu wa mvulana wakija kumwona msichana, huletewa sahani za pohe: mchele bapa, vitunguu, manjano, ndimu juu. Watu wa kwanza walitoka Pune. Sulabha akaleta pohe, macho chini, kila kitu kinakwenda vizuri. Baba mdogo wa mvulana, bwana mwenye miwani ya dhahabu, akatia kijiko mdomoni akasema, "Zimekosa chumvi kidogo." Basi, ni hayo tu aliyosema. Lakini zile pohe zilipikwa kwa kipimo cha marehemu Kusum, na Dattu hakusikia chumvi, alisikia mkewe anatukanwa. Sahani ikapaa. Ikatoka dirishani, ikavuka mto, ikamtua kuhani kichwani huko ng'ambo. Kuhani akala zilizomwangukia mabegani, akasema ni kweli, zimekosa chumvi.

Watu wa pili walitoka Karad. Shemeji wa mvulana akafanya mzaha, "Ah, baba anapiga pasi? Basi harusi hii haitakuwa na makunyanzi." Na sisi wengine tulishaanza kucheka. Dattu akatoka nje kimya kimya, akarudi na pasi ya moto mkononi. Wageni walikuwa saba, mlango ni mmoja, na wote walitoka kwa pamoja. Fremu ya mlango imepinda mpaka leo, na hiyo si hadithi, njooni mwione.

Siku ile Sulabha hakulia. Yeye hufanya kazi maabara ya hospitali, anapima damu na mikojo ya watu, na amezoea kutoa majibu mabaya bila kubadilisha uso. Alimwambia baba yake, "Baba, nimechoka. Akija mtu wa tatu ukamfanyia hivi, siolewi tena na mtu yeyote. Na wala sitakulaumu. Nitakaa hapa nikuangalie ukiwaka, mpaka mmoja wetu amalizike."

Afadhali angempiga kofi. Siku mbili Dattu hakula. Nguo za wateja zikalundikana. Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, nikamshika sikio, kwa kuwa mama mkwe anaruhusiwa kushika sikio, nikamburuta mpaka kwa mkunga Vimal.

Vimal alizalisha nusu ya mji huu kabla ya kustaafu. Ni mwembamba kama kijiti cha ubani, lakini anajikunja na kujikunjua kama shali. Kila alfajiri anafundisha yoga na kutafakari katika ukumbi wa hekalu kando ya mto. Wanafunzi wake ni kama kumi na wawili, na magoti mazuri hapo hayazidi matano.

"Vimal," nikamwambia, "nimekuletea mzazi."

"Ana miezi mingapi?"

"Miaka hamsini na miwili. Ana hasira tumboni, haitaki kutoka."

Vimal akamtazama Dattu toka juu mpaka chini. "Hii naona imetanguliza miguu. Keti chini."

Kuketi kwenyewe kulikuwa kazi. Miguu iliyosimama miaka thelathini ilikataa kukunjika. Tukamkunja sisi wawili, mimi goti hili, Vimal goti lile. Kumaliza somo, miguu ikakataa kukunjuka, ikabidi tumviringishe mpaka nyumbani kama gurudumu. Katika mkao wa maiti, ule wa mwisho ambapo mtu hulala chali akaachia mwili wote, alikoroma mpaka kengele za hekalu zikajibu na watu wakaja na maua wakidhani ibada imeanza.

Kutafakari ndiko kulikomtesa hasa.

"Angalia pumzi ikiingia," Vimal akamwambia. "Angalia ikitoka. Basi."

"Basi nini?"

"Basi hivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Akatulia dakika mbili, labda moja na nusu. Kisha nikasikia, "Hii pumzi haina adabu! Nikiiangalia inakimbia!"

"Dattu," Vimal akajibu bila kufumbua macho, "wanawake elfu mbili wamenitukana mimi na mama yangu na mashuka niliyowalazia, na wote niliwaambia neno moja: vuta, toa. Wewe na pasi yako mtanishinda?"

Juma la pili akaja inzi. Akatua kwenye pua ya Dattu, akaondoka, akarudi. Mara ya nne Dattu akaruka na kiatu mkononi, akamfukuza inzi ukumbi mzima, akamkanyaga mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa maiti kwa amani zake. Inzi akatoka salama. Dattu akakaa kwenye ngazi za mtoni, mikono kichwani.

"Mimi sifai," akasema. "Hasira ndiyo damu yangu. Niacheni nikapige pasi."

Vimal akamfuata, akakaa naye ngazi ile ile. Nami nikakaa ya nyuma, maana sipendi kupitwa.

"Mteja akikuletea bunda la nguo zilizokunjamana," Vimal akauliza, "unalifanyaje?"

"Nalipokea."

"Humfukuzi kwa kuwa zimekunjamana?"

"Nikimfukuza nitapiga pasi nini?"

"Na unazivaa?"

"Nguo za watu? Nizivae kwa nini?"

"Basi hasira ikija, ipokee. Itazame: iko kifuani, iko masikioni, ni ya moto. Usiifukuze na kiatu kama yule inzi. Na usiivae ukatoka nayo barabarani. Ni bunda la mteja. Ukilinyoosha, linaondoka."

Dattu akainuka. Alikwenda kwenye mkokoteni wake, na mimi nikamfuata kwa mbali nikijifanya natafuta majani ya kari. Nikamwona anairudisha pasi kifuani polepole huku akivuta pumzi, kisha anaisukuma huku akiitoa. Vuta, toa. Vuta, toa. Shati la kwanza, la pili, la tatu. Nakuapieni, mashati ya siku ile yalinyooka hivi kwamba walioyavaa hawakuweza kuinama mpaka yalipofuliwa.

Msimu wa mvua ukaja, ukaenda. Msidhani alikuwa mtakatifu. Masikio yalikuwa yanaiva kama pilipili, midomo inacheza ikihesabu, na siku nyingine hesabu ilimshinda akafoka. Lakini alifoka, akasimama, akarudi kuomba radhi, na hilo la kuomba radhi lilikuwa jipya mjini. Nami sikukaa bure, nilikuwa nampima. Nilimficha viatu. Nilimwambia mwenye duka la shaba amesema hivi, kumbe hakusema. Asubuhi moja nikamtilia chumvi kwenye chai, vijiko viwili. Akanywa funda moja. Masikio yakaiva. Nikaanza kusogea mlangoni.

"Mama," akasema, taratibu sana, "chai hii umeiteka baharini?"

Akaimwaga, akanipa kikombe. "Nitilie nyingine. Hii ya pili iwe na sukari."

Sulabha alikuwa anasuka nywele, akaacha. Kesho yake akatandika mkeka wake karibu na wa baba yake kabla ya kwenda kazini, na kuanzia hapo wakawa wanakaa wawili, pumzi moja nzito na moja nyepesi. Mimi nilikuwa nachungulia nikimshukuru kila mungu ninayemjua jina, na wale nisiowajua majina niliwashukuru kwa jumla.

Mtu wa tatu alikuja mwenyewe. Hemant analima stroberi milimani Panchgani, na kila mwezi alimleta shangazi yake hospitalini kupimwa sukari. Shangazi ana sukari nyingi, kwa hiyo Hemant aliiona maabara mara nyingi. Baadaye sukari ya shangazi ikashuka na Hemant bado anakuja, na kikapu mkononi. Mama yake alifariki siku alipomzaa, na huyo shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Anaitwa Malati. Ni mwanamke mkubwa, na sauti yake ni ya kuitia ng'ombe kutoka mlima wa pili.

Walikuja kuona msichana. Sulabha akaleta pohe, kipimo cha mama yake kile kile, maana alikataa kuongeza hata punje. Shangazi Malati akala kijiko kimoja. Akatafuna. Akameza.

"Zimekosa chumvi," akasema.

Mimi nikaishika sahani ya Dattu kwa mikono yote miwili, nikaibana. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka shingoni. Sulabha alikuwa hapumui. Kisha nikasikia ile pumzi ya mkokoteni, ndefu, ikiingia. Ikitoka.

"Ni kipimo cha marehemu mke wangu, dada," Dattu akasema. "Alikuwa na presha. Chumvi hii hapa, jiongezee."

Shangazi akajiongezea, akala sahani tatu. Posa ikakubaliwa siku ile ile. Nilikwenda jikoni nikalilia ndani ya sufuria, na pohe zilizobaki zikakolea chumvi vizuri.

Hapo ndipo tungesimama tukapiga vigelegele, lakini binadamu akishapata kitu anataka kukitumia mpaka kichakae. Kadiri harusi ilivyokaribia, Dattu alizidi kutulia. Akatulia, akatulia, mpaka akapitiliza.

"Baba, sari nyekundu au ya kijani?"

"Yote ni sawa."

"Tupike wali wa ndimu au wa maziwa?"

"Yote ni sawa."

Alikuwa na tabasamu la sanamu, ukimsalimia unahisi umwekee ua miguuni. Sulabha akaacha kumuuliza. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuikumbuka ile sahani iliyovuka mto.

Harusi ilikuwa mchana, ukumbini kwa hekalu. Mchele ukarushwa, mashada yakabadilishwa. Zikabaki hatua saba mbele ya moto, na kabla ya hizo kuhani akaruhusu wanawake wa upande wa mvulana wale. Hicho ni chakula chao cha heshima. Mwenye nafasi ya mama wa mvulana huzungushiwa sahani yake maua ya unga wa rangi, yanachorwa chini kwa vidole.

Na hapo lazima mtu anune. Upande wa mvulana usiponuna hata kidogo, watu husema hao hawana habari na bibi harusi, wamekuja kula tu. Kwa hiyo mkubwa wao hutafuta kosa, husukuma sahani, hugeuza uso. Baba wa msichana huja, hukunja mikono, humsifu, humbembeleza, humlisha kwa mkono wake. Mnunaji hugeuza uso mara tatu, mara ya nne hufungua mdomo, na ukumbi mzima hucheka. Ndivyo tunavyoonana kama tunatakana.

Sasa huyu shangazi Malati hakununa! Alisifu ukumbi, akasifu wapiga zumari, akasifu meno yangu, na ninayo manne. Nikaona aibu hii itatubeba. Basi nikapita karibu na sahani yake kama mtu anayetafuta miwani yake, na kwa kidole gumba cha mguu nikalivuruga jani moja la ua. Moja tu, na kwa adabu.

Shangazi akaliona. Macho yakamng'aa, kwa kuwa mchezo anaujua. Akaisukuma sahani.

"Maua yangu yamekanyagwa! Mimi niliyemlea huyu mtoto kwa mikono hii miwili, naandaliwa mahali kama ng'ombe wamepita? Sili!"

"Eeee!" wanawake wakacheka, wakageuka kumtafuta Dattu.

Dattu akaja. Akaketi mbele yake, miguu ikakunjika yenyewe kama ya mwalimu. Akafumba macho. Vuta. Toa. Tukangoja. Shangazi akageuza uso mara ya kwanza, hakuna aliyembembeleza. Akaugeuza mara ya pili, akachungulia kwa pembe ya jicho. Dattu akafumbua macho, na lile tabasamu.

"Dada yangu," akasema, "ukila ni sawa. Usipokula pia ni sawa."

Zumari zikanyamaza.

"Sawa?" akauliza shangazi.

"Sawa."

"Nisipokula katika harusi ya mwanangu ni sawa?"

"Yote ni sawa, dada."

Nikaona kidevu cha mwanamke mkubwa yule kinatetemeka, nikajua mchezo umekwisha na hiki kilichobaki ni kweli. "Hemant!" akaita. "Viatu vyangu viko wapi? Nipeleke garini." Akatoka, shali inaburuzika, akaingia kwenye gari, akafunga mlango na kioo.

Hemant akasimama katikati ya ukumbi na shada lake shingoni. "Sitembei hatua saba bila yeye," akasema. Hakusema kwa jeuri, alikuwa anakaribia kulia. Kuhani akatazama saa yake, akatutazama sisi: saa njema ilikuwa inakwisha. Sulabha akamwendea baba yake.

"Baba, hukufoka," akamwambia. "Lakini leo afadhali ungefoka."

Dattu bado alikuwa ameketi, lakini tabasamu lilikuwa limemwanguka. Mkunga Vimal akaja na sahani yake ya wali mkononi, hata hakuiweka chini.

"Mimi nilikufundisha kutulia au kufa? Mkao wa maiti ni wa robo saa, kisha mtu anaamka akaenda kazini! Nilikuambia usivae bunda la mteja. Nilikuambia usilipokee?"

"Naogopa, mkunga," Dattu akasema chini chini. "Nikifungua mdomo sijui kitakachotoka."

"Hata wanaozaa hawajui. Nenda ukaone."

Dattu akainuka. Hakwenda garini. Alikwenda mbio kwenye kona, akarudi anasukuma mkokoteni wake kati ya wageni, pasi ikiwa bado na makaa ya asubuhi, maana alikuwa amenyoosha kilemba cha bwana harusi. Akausimamisha kando ya gari, akagonga kioo. Kikashuka vidole vinne.

"Nini?"

"Shali yako, dada. Umeikalia, imekunjamana."

"Iache ikunjamane. Si yote ni sawa?"

"Si sawa," Dattu akasema, na sauti ikamvunjika katikati. "Si sawa hata kidogo. Usipokula, harusi hii imekufa. Usipokula, binti yangu atazeeka nyumbani akiniangalia. Nilisema ni sawa kwa sababu nauogopa mdomo wangu. Mdomo huu uliwahi kurusha sahani."

"Sahani hurushwa kwa mkono," ikasema sauti ndani ya gari.

"Na mkono nao nauogopa."

Kisha ncha ya shali ikatoka dirishani, halafu shali nzima. Dattu akaitandaza, akanyunyiza maji, akaanza. Vuta, akiirudisha pasi. Toa, akiisukuma. Na shangazi naye akaanza, kioo sasa kimeshuka chote.

"Hiyo pasi ina majivu."

"Nimeyapangusa, dada."

"Utaniunguza pindo. Nasikia hasira yako inawasha pasi bila mkaa."

"Huyo ni mama mkwe wangu anaongeza."

"Afadhali ungenirushia sahani!" akapaza sauti. "Anayenirushia sahani ameniona nipo. Wewe umenitazama kama ukuta! Unadhani nilitaka kubembelezwa mimi? Mimi ni nani? Pale nimekaa mahali pa wifi yangu. Hakumwona mwanawe akivaa shada. Nilitaka aombwe yeye, japo mara moja!"

Dattu akaiinua pasi ili isiunguze. Masikio yake yalikuwa mekundu, machozi yanamshuka, na pumzi yake, nilikuwa naihesabu, ilikuwa ndefu ile ile.

"Na yale maua," akasema, "mke wangu ndiye angeyachora. Nilipoyaona yamechorwa na mwingine nikajifungia ndani, nikakuacha wewe nje. Nimekosa, dada. Toka uje ule. Umlie wifi yako sehemu yake, nami nitamlishia Kusum."

Shangazi Malati akapenga kamasi kwa sauti ambayo Panchgani waliisikia. Akafungua mlango. Dattu akamvisha shali, imenyooka kama maji ya alfajiri, akamwongoza kwa mkono mpaka kwenye sahani. Sulabha alikuwa amepiga magoti, analichora upya lile jani kwa vidole vyake. Dattu akakata kipande cha chapati tamu ya dengu, akakichovya kwenye samli, akamnyooshea.

Shangazi akageuza uso. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, na ukumbi ukaanza kuguna kwa furaha. Mara ya nne akafungua mdomo, akala chapati, akamuuma na kidole.

"Zumari!" akaamuru, mdomo umejaa. "Mnangoja nini?"

Hatua saba zikatembewa, na saa njema, kuhani aliapa, ilikuwa imebaki dakika mbili. Dattu alilia kwa sauti toka hatua ya kwanza mpaka ya saba, wala hakuna aliyemwambia atulie.

Jua lilipoanza kuinama, Sulabha alipokwisha kwenda kwake milimani, nikamkuta mkwe wangu amekaa kwenye ngazi za mtoni, miguu ndani ya maji. Nikakaa. Nilitaka kumshukuru, kwa paa, kwa sari kwenye msumari, kwa kila alfajiri aliyokunjwa miguu na asiondoke. Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Dattu, lile ua."

"Ua gani?"

"Lilivurugwa na kidole hiki."

Akakitazama kidole changu cha mguu. Masikio yakaanza kuiva, taratibu, kama embe. Nikaanza kumhesabia mwenyewe kwa sauti: vuta, toa. Vuta, toa. Kumi na moja. Kisha akageuka, akanipa mgongo mpana ule, akakunja mikono.

"Nimenuna," akasema.

"Dattu wewe!"

"Nimenuna, Mama. Nibembeleze."

Mabega yake yalikuwa yanacheza kwa kicheko. Nilikuwa na kipande cha chapati tamu nimekifunga kwenye pindo la sari, kwa ajili ya usiku wangu. Nikakifungua, nikamnyooshea. Nikamsifu: mkono wake, mashati yake, moyo wake. Yale niliyoshindwa kuyasema miaka yote, niliyasema yote pale, kwa kuwa desturi inataka hivyo. Akageuza uso mara tatu. Mara ya nne akala.

Kesho yake alfajiri akatandika mikeka miwili kama kawaida, kisha akaweka na kiti changu kwenye mkeka wa Sulabha. Tukakaa. Pumzi yangu inapiga filimbi, lakini hakulalamika. Tulipomaliza, yeye mwenyewe aliniletea chai.

Ilikuwa na chumvi, vijiko viwili kamili. Nikainywa yote.